QS, THE, Shanghai, Leiden, US News: ipi inakufaa ukiwa unachagua chuo?

Mwaka 2025 ukiuliza chuo gani ni namba moja duniani unapewa majibu matatu. Orodha ya Shanghai inasema Harvard, QS wanasema MIT, Times Higher Education (THE) wanasema Oxford. Alafu ukifungua US News, ile ya vyuo vya Marekani peke yake, juu kabisa imekaa Princeton. Hakuna aliyedanganya hapo, kila mmoja kapima kitu chake, tatizo ni kwamba watu wengi wanaochagua chuo wanaishia kwenye namba hawafiki kwenye kilichopimwa. Kwa hiyo nazilinganisha hizi orodha kubwa moja moja, pamoja na vile vipimo ambavyo vyuo vyenyewe vinajisifia navyo, ili wewe unayetafuta chuo (au wewe mzazi unayelipa ada) ujue ushike ipi.

Msimamo wangu nausema mapema kabisa. Kama unaenda digrii ya kwanza, orodha za dunia zinakupimia vitu ambavyo vingi hutavigusa ukiwa pale. Kama unaenda PhD hapo zina kazi kubwa, ila sio zote na sio ile namba ya jumla.

Shanghai, jina lake rasmi ARWU

Hii ndo ya kwanza kupanga vyuo vya dunia nzima, ilianza 2003 pale Shanghai Jiao Tong University na lengo lilikuwa kujua vyuo vya China viko wapi ukivilinganisha na vikubwa vya nje. Tangu 2009 inatolewa na ShanghaiRanking Consultancy. Uzuri wake hawaulizi mtu maoni na hawasubiri chuo kiwatumie takwimu zake chenyewe, wanahesabu vitu vinavyoonekana: asilimia 10 wahitimu waliopata Nobel au Fields Medal (tuzo kubwa ya hisabati), 20 walimu waliopata hizo tuzo, 20 watafiti wanaonukuliwa sana (kazi zao zinatajwa na watafiti wengine), 20 makala kwenye majarida ya Nature na Science, 20 idadi ya makala zilizoingia kwenye indeksi kubwa, na 10 ya mwisho ni hayo yote ukiyagawanya kwa idadi ya walimu.

Sasa rudia kusoma hapo. Hamna hata kipengele kimoja kinachogusa mwanafunzi anafundishwaje. Kile cha Nobel za wahitimu ndicho wao wamekiita ubora wa elimu! Yaani mtu kasoma pale miaka arobaini iliyopita, akaenda kufanya kazi kwingine, akapata tuzo uzeeni, ndo ushahidi kwamba leo ukiingia mwaka wa kwanza utafundishwa vizuri. Na hizo tuzo zinabishaniwa hasa, angalia Berlin: chuo kikuu cha zamani cha Berlin baada ya vita kuu ya pili kiliacha warithi wawili, Humboldt upande wa mashariki na Free University iliyoanzishwa 1948 upande wa magharibi, ikaja kuwa mvutano Nobel za zamani kina Einstein wamo zihesabiwe kwa nani. Jibu lolote lile halibadilishi kitu kwa mwanafunzi wa leo wa chuo chochote kati ya hivyo viwili, ila kwenye orodha linakurusha nafasi nyingi.

Ukubwa nao unabeba sana. Ufaransa waliunganisha vyuo na taasisi kadhaa wakapata Paris-Saclay, na mwaka 2020 ilipoingia kwenye orodha kwa mara ya kwanza ikatua moja kwa moja nafasi ya 14. Walimu walewale, maabara zilezile, kilichobadilika ni kwamba sasa wanahesabiwa pamoja.

Na kama unasoma sheria, uchumi, biashara, historia, hii orodha iweke pembeni. LSE ya London kwenye QS inazunguka karibu na nafasi ya 50, huku Shanghai iko nje ya 100, na hapo Shanghai wameshaipunguzia, maana vyuo vya sayansi ya jamii kama LSE hawavipimi kwa kipengele cha Nature na Science, ile asilimia wanaigawa kwenye vipengele vingine. Bado haifui dafu.

QS na THE, ndugu waliogawana nyumba

Kuanzia 2004 mpaka 2009 hawa walikuwa wanatoa orodha moja pamoja, 2010 wakaachana. QS akaendelea na njia ya zamani, THE akatengeneza yake. Wengi wanazichanganya ndo maana naziweka sehemu moja.

QS kwa sasa iko hivi: asilimia 30 ni sifa ya chuo kwa wasomi, 15 sifa kwa waajiri, 20 kunukuliwa kwa kila mwalimu, 10 uwiano wa walimu na wanafunzi, alafu tano tano kwa walimu wa kigeni, wanafunzi wa kigeni, mtandao wa utafiti wa kimataifa, ajira za wahitimu na mazingira. Kwa hiyo karibu nusu, asilimia 45, ni maoni ya watu. Wanaulizwa wasomi zaidi ya laki moja na hawaruhusiwi kutaja chuo chao, hilo ni jambo zuri. Ila mfikirie profesa wa kemia amefungua lile dodoso usiku baada ya kusahihisha mitihani, anaambiwa ataje vyuo vinavyofanya vizuri kwenye fani yake nje ya nchi yake. Atataja nini? Atataja majina aliyoyasikia tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi. Kile chuo cha kawaida ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili anaachiwa funguo ya maabara mpaka saa nne usiku hajawahi kukisikia, na hawezi kukitaja. Sifa inazaa sifa, na chuo kipya kinachofundisha vizuri kinahangaika miaka na miaka.

THE wanapendwa kwa sababu wana kipengele kimeandikwa kufundisha, kina asilimia 29.5, mtu akiona hivyo anasema hapa ndo penyewe. Kifungue ndani. Asilimia 15 ni dodoso la sifa tena. 4.5 ni uwiano wa walimu na wanafunzi, 5.5 ni PhD zinazotolewa ukilinganisha na walimu, 2 ni PhD ukilinganisha na digrii za kwanza, 2.5 ni mapato ya chuo. Hakuna aliyekaa darasani hata dakika moja, hakuna mwanafunzi aliyeulizwa. Vipengele vingine ni mazingira ya utafiti 29 (humo ndani 18 ni sifa), ubora wa utafiti 30, ukimataifa 7.5, na viwanda 4. Ukijumlisha sifa tupu ni theluthi moja ya alama zote.

Tofauti yao kubwa kwa mchaguaji mimi naona ni hii: QS anamsikiliza mwajiri, THE anasikiliza zaidi utafiti na nukuu. Kama lengo lako ni cheti ambacho kampuni kubwa ya nje ikikiona inakitambua, kile kipengele cha QS cha sifa kwa waajiri kina maana, na unaweza kukiangalia peke yake bila namba ya jumla. Watu hawajui kwamba tovuti zote mbili zinakuruhusu kufungua alama za kila kipengele. Fungua.

Mambo mawili ya kuwa nayo makini. Moja, kupanda na kushuka kwa mwaka mmoja usikutilie maanani. Juni 2023 QS walibadilisha mizani, ule uwiano wa walimu na wanafunzi ukakatwa kutoka 20 kuwa 10, vikaongezwa vipengele vipya, matokeo yake vyuo vya Australia vikaruka, Melbourne kutoka 33 hadi 14, Sydney kutoka 41 hadi 19, UNSW kutoka 45 hadi 19. Hakuna chuo duniani kinachobadilika hivo ndani ya miezi kumi na mbili, iliyobadilika ni mizani. Pili, nukuu zinaweza kubebwa na mtu mmoja. Mwaka 2010 Alexandria ya Misri ilitokea kwenye THE nafasi ya 147 duniani, alama za nukuu karibu zimejaa, na uchunguzi ukaonyesha sehemu kubwa ilitokana na mtafiti mmoja aliyechapisha makala nyingi kwenye jarida alilokuwa mhariri wake mwenyewe. Njia ilirekebishwa baadaye, lakini kwa vyuo vyenye makala chache bado watu wachache wanaweza kusogeza namba.

Alafu kuna kutokuwepo. THE wanataka chuo kilete takwimu chenyewe na kiwe na makala angalau 1,000 ndani ya miaka mitano. Chuo kidogo kinachofundisha tu hakiingii kabisa. Na vingine vinajitoa kwa hiari, IIT saba za India (vyuo vyao vikubwa vya teknolojia) mwaka 2020 waligoma, Utrecht ya Uholanzi 2023 ikaacha kupeleka takwimu, Zurich 2024 nayo ikatoka. Kwa hiyo usipokiona chuo kwenye orodha usikurupuke kusema ni kibovu.

Kitu kingine, hizi ni kampuni zinazofanya biashara, wanauza matangazo na ushauri kwa vyuo vilevile wanavyovipanga. Kuna QS Stars, zile nyota, chuo kinalipa ili kikaguliwe, ni kitu tofauti kabisa na renki. Na kuna THE Impact, ya malengo ya maendeleo endelevu, ilianza 2019, chuo kinapimwa kwa lengo la 17 pamoja na malengo matatu ambayo kimefanya vizuri zaidi. Ukiona bango limeandikwa tumo kumi bora duniani, soma maandishi madogo chini yake ni orodha ipi, mara nyingi utakuta ni mojawapo ya hizi.

Leiden na Webometrics

Leiden ndo ninayoiheshimu kuliko zote, na ndo isiyojulikana. Inatolewa na CWTS, kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, na haina mshindi wa jumla. Unaingia, unachagua fani, unachagua unataka wingi wa makala au asilimia ya makala za chuo zilizoingia kwenye asilimia 10 bora kwa kunukuliwa kwenye fani hiyo. Ukichagua wingi vinapanda vyuo vikubwa, ukichagua asilimia vinatokea vyuo vidogo vyenye watafiti wakali, yaani unaona kwa macho yako jinsi swali linavyobadilisha jibu. 2024 wameleta na toleo la wazi linalotumia data za OpenAlex ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua. Lakini inapima utafiti tu na wenyewe hawafichi, kufundisha hawagusi.

Webometrics ilianzishwa 2004 na Cybermetrics Lab ya CSIC, baraza la utafiti la Hispania. Hii inapendwa sana kwenye matangazo kwa sababu inabeba vyuo maelfu kwa maelfu hata vidogo, karibu kila chuo kina nafasi. Nusu ya alama zake zimekuwa zikitoka kwenye kuonekana kwa tovuti, yaani tovuti ngapi za nje zinaunganisha kuja kwako. Inakwambia kama chuo kinaweka kazi zake mtandaoni, hilo ni jambo jema, ila kumchagulia mtoto udaktari au uhandisi kwa sababu tovuti ya chuo inaunganishwa sana, hapana.

US News, na tunachojifunza kuhusu vyuo kujipima vyenyewe

Hii iko tangu 1983 na ya kwao inahusu Marekani, ila nimeiweka kwa sababu ndo inayoonyesha vizuri chuo kinavyoanza kucheza na namba. Northeastern ya Boston ilikuwa nafasi ya 162 mwaka 1996, uongozi ukaichambua ile fomula kipengele kwa kipengele. Orodha ilikuwa inatoa alama kwa madarasa yenye wanafunzi chini ya 20, basi wakaweka madarasa mengi yaishie 19. Kumi na tisa, sio ishirini. Miaka kumi baadaye walikuwa wameingia 100 bora. Darasa dogo ni zuri, sipingi, ila jiulize mwanafunzi wa ishirini alipelekwa wapi, na lile darasa la watu mia mbili lililobaki palepale nani alilihesabu.

Hapo ni kucheza kihalali. Kuna waliovuka. Columbia ilikuwa ya 2, mwaka 2022 profesa wao mwenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, akachambua takwimu ambazo chuo kilipeleka akaonyesha haziendani na ukweli, ikiwemo hizohizo za ukubwa wa madarasa, orodha iliyofuata chuo kikashuka hadi 18. Temple ilikuwa mbaya zaidi, aliyekuwa mkuu wa shule yao ya biashara alihukumiwa kifungo cha miezi 14 mwaka 2022 kwa kupeleka takwimu za uongo ili wapande. Novemba mwaka huohuo shule za sheria za Yale na Harvard zikajitoa. Reed College ilishakataa tangu 1995, na inaendelea kupata wanafunzi.

Sasa tuje kwenye vipimo ambavyo kwa digrii ya kwanza ndo vinakuhusu, na navyo vina mitego.

Kwanza ni wangapi wanamaliza. Kwangu hiki ndo kipimo kikubwa, kwa sababu mtu aliyedisko au kuacha njiani amelipa ada na hana cheti. Lakini angalia wanahesabu vipi: Marekani digrii ya miaka minne inahesabiwa imemalizwa hata ukichukua miaka sita, na kile kiwango kinachonukuliwa sana kinahesabu walioanza chuo kwa mara ya kwanza wakisoma muda wote, aliyehamia kutoka chuo kingine hayumo, na aliyehama akaenda kumaliza kwingine anaonekana kama hakumaliza. Na chuo kinachochukua wenye alama za juu tu lazima kimalize wengi. Kwa hiyo linganisha vyuo vinavyochukua wanafunzi wa aina moja, hapo ndo utaona nani anawabeba wanafunzi wake na nani anawaacha.

Pili ni ajira, na hapa naomba usome polepole. Tuseme chuo kiliandikisha watu 1,000. Waliomaliza ni 600. Chuo kikawatumia dodoso, waliojibu 200, kati yao 180 wakasema wana kazi. Kwenye kipeperushi inaandikwa asilimia 90 ya wahitimu wetu wameajiriwa. Hesabu haina kosa, 180 kwa 200 ni 90. Lakini kati ya 1,000 walioingia chuo kina uhakika na 180 tu, na anayejibu dodoso la chuo mara nyingi ni yule ambaye mambo yamemnyookea. Uliza maswali matatu bila aibu: wangapi walijibu, baada ya miezi mingapi, na kazi inayohitaji digrii au kazi yoyote ile. Uingereza kwa mfano wanawafuata wahitimu miezi 15 baada ya kumaliza na utafiti ni mmoja kwa vyuo vyote, hapo angalau unalinganisha vitu vinavyofanana. Kila chuo kikijifanyia chake kwa muda wake, usilinganishe.

Tatu ni mshahara. Marekani serikali ilifungua College Scorecard 2015, unaona kipato cha kati na deni, sasa hivi mpaka kwa kozi moja moja, japo inahesabu waliopata msaada wa fedha wa serikali tu. Kwangu ni chombo kizuri. Tahadhari yake ilitolewa na wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, utafiti wao wa 2002 uliwalinganisha wanafunzi wenye uwezo unaofanana, waliokubaliwa na vyuo vigumu wakaenda na waliokubaliwa wakaenda vya kawaida, kipato kikaja kuwa karibu sawa. Kumbe sehemu kubwa ya ule mshahara mwanafunzi alikuja nao mwenyewe. Isipokuwa wale wa familia zenye kipato kidogo, hao kwenda chuo kigumu kuliwasaidia kweli, na kama wewe ni mmoja wao hilo lichukulie kwa uzito.

Kuridhika kwa wanafunzi napita haraka, Uingereza wanao utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho tangu 2005, unafaa kujua kama marejesho ya kazi yanakuja kwa wakati na kama mitihani inaeleweka, zaidi ya hapo usiusukume.

Kwa hiyo ushike ipi?

PhD au masta ya utafiti: Leiden kwenye fani yako, alafu Shanghai ya fani (wanazo kwa masomo, sio ya jumla), kisha sahau zote ukaangalie msimamizi, amechapisha nini miaka ya karibuni na wanafunzi wake wa mwisho wako wapi.

Masta ya darasani ya biashara au fedha: QS, kipengele cha waajiri peke yake.

Unataka kuja kufanya kazi nje: hapa namba ya jumla ina kazi hata kama hatuipendi, kwa sababu serikali zinaitumia. Uingereza mwaka 2022 ilianzisha viza ya wahitimu ambapo chuo chako lazima kiwe juu kwenye angalau orodha mbili kati ya QS, THE na Shanghai, Uholanzi nao wana kibali cha kutafuta kazi kinachoangalia kama chuo kimo 200 bora. Soma masharti ya mwaka unaomaliza, maana yanabadilika.

Digrii ya kwanza: kiwango cha kumaliza kwa kozi yako, ajira kwa kozi yako, gharama yote mpaka mwisho. Orodha za dunia zitumie kujua kwamba chuo kipo na kinatambulika, basi. Na ukiona vyuo viwili vyote viko kwenye kundi la 601 hadi 800, hao waandaaji wenyewe wamekwambia hawawezi kuvitofautisha, usijitese kutafuta nani ni wa 640. Andikia idara, sio ofisi ya udahili, uliza walioingia kwenye hiyo kozi mwaka fulani walikuwa wangapi na waliomaliza kwa wakati ni wangapi. Idara inayofuatilia wanafunzi wake itakuwa na hizo namba mbili karibu. Ikikuzungusha, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kozi hiyohiyo umuulize walianza wangapi darasani na sasa wamebaki wangapi.